Kocha mwanamke, timu ya wavulana wa sekondari: wiki tatu kabla ya mechi ya kwanza nipange vipi?

KonaFupi (mwanzisha mada)

Habari zenu wakuu. Nimekabidhiwa timu ya wavulana wa sekondari, umri miaka 15 hadi 18. Wachezaji ni 26, kati yao makipa wawili tu. Mazoezi siku tatu kwa wiki, dakika 90 kila siku, na mara nyingi tunapewa nusu uwanja. Vifaa: mipira 12, koni 40, vizibao vya rangi mbili. Msaidizi wangu ni mwalimu kijana, mwanaume, hajasomea ukocha. Mpaka sasa nilikuwa na timu za wasichana. Mechi ya kwanza ni baada ya wiki tatu.

"Jiamini" na "usiwaogope" nimeshaambiwa za kutosha, naomba tuziweke kando. Ninachouliza ni haya: siku ya kwanza ifanyike nini hasa, dakika kwa dakika, zoezi ambalo mguu wangu hauliwezi nilionyesheje, chumba cha kubadilishia nguo tukitumieje, na refa au kocha wa timu pinzani akimfuata msaidizi akidhani ndiye mwenye timu, tufanyeje bila kumfedhehesha kijana wa watu.

BenchiLaUfundi

Mwalimu, nianze na siku ya kwanza, maana hapo ndipo unapopimwa.

Wavulana wa umri huo watakusoma kabla hujasema neno, kwa kuangalia uwanja. Wakikuta koni zimeshapangwa, mipira imeshajazwa upepo na vizibao vimekunjwa vinne vinne, nusu ya maswali yao imejibiwa. Wakikukuta unahesabu koni huku wao wamesimama, wataanza kupiga mipira golini, na kuwarudisha hapo ni kazi. Fika dakika 25 kabla. Mpira namba 5 ujazwe ndani ya kiwango cha sheria, 0.6 hadi 1.1 ya angahewa. Mpira uliojazwa kupita kiasi unadunda kama wa kikapu, halafu mtu anaonekana hajui kutuliza kumbe kosa ni la pampu.

Hotuba isizidi dakika mbili. Jina lako, jina la msaidizi na kazi yake, saa ya kuanza, na maana ya filimbi: moja ndefu ni simama ulipo, mbili fupi ni njoo hapa. Malengo ya msimu yasubiri.

Kisha dakika 25 za kupasha mwili joto kwa programu ya FIFA 11+. Kwa kawaida inachukua kama dakika 20: mbio nyepesi 8, nguvu na mizani 10, mbio za kasi 2. Siku ya kwanza ongeza tano kwa sababu wanajifunza mikao. Hapa ndipo pazuri pa kuwasahihisha mmoja mmoja kwa jina. Angalia magoti yanayoingia ndani mtu anapochuchumaa au kutua baada ya kuruka. Ukimwambia mvulana "goti lako la kulia linakimbilia la kushoto, lielekeze kwenye kidole cha pili cha mguu", na akajaribu akaona tofauti, hutahitaji kumweleza umesomea nini.

Baada ya hapo rondo: wanne nje wanapasiana, wawili kati wanajaribu kuukata mpira. Ukiwatoa makipa unabaki na 24, yaani vikundi vinne vya sita. Miraba minne ya mita 8 kwa 8, mpira mmoja kila mraba, miwili ya akiba pembeni ili ukitoka mwingine uingie papo hapo. Miguso miwili tu. Dakika tatu, badilisha wa kati, mara nne. Zoezi hili huharibika kwa ukubwa wa mraba. Pasi kumi zikipita bila kukatwa, mraba ni mkubwa, punguza mita moja. Zikikatwa kila baada ya pasi mbili tatu, ongeza hadi mita 10. Usiwagombeze wachezaji kabla hujasogeza koni.

Malizia na ligi ya wanne kwa wanne. Viwanja vitatu vya mita 30 kwa 20 vinakaa sambamba kwenye nusu uwanja, magoli ya koni yenye upana wa mita 2. Mizunguko mitano ya dakika tano, mapumziko dakika mbili. Kila mzunguko timu zinachanganywa upya kwa orodha uliyoiandaa nyumbani, namba 1 hadi 24. Ushindi pointi tatu kwa kila mmoja, sare moja, na kila bao la timu pointi moja ya ziada. Andika. Mizunguko mitano haitoshi kumjua mtu, bahati inaingia sana, lakini ukirudia siku tatu unapata mechi 15 za kila mchezaji na jedwali linaanza kusema kweli. Mtu akija kulalamika kwamba hakupangwa, mnakaa mnalitazama pamoja.

Makipa wawe na msaidizi mpaka mzunguko wa nne, kisha waingie uwanja wa katikati, ambao hapo magoli yake unayapanua.

BekiTatu

Naunga mkono yote ila naongeza: wachelewaji wazungushwe uwanja mara tano. Siku mbili tu watanyooka.

BenchiLaUfundi

@BekiTatu hapana. Dakika 90 mara tatu kwa wiki ni chache mno kuzitumia kwa adhabu, na mchezaji akishazoea kuwa kukimbia ni adhabu, siku unataka akimbie kwa ajili ya stamina atanuna. Aliyechelewa akose mzunguko wa kwanza wa ligi. Anashika karatasi na kalamu, anaandika mabao ya wenzake, na pointi za mzunguko huo hana. Kwa mvulana wa miaka 16 hiyo inauma kuliko mizunguko kumi.

KiungoMkabaji

Kuhusu kuonyesha zoezi.

Onyesho lina kazi moja, wachezaji wapate picha ya mwendo. Picha hiyo haihitaji kasi wala umbali. Pasi ndefu ya mita 40 ionyeshe kwa mita 10, polepole, ukitaja mambo matatu tu. Mguu wa kusimama uwe pembeni ya mpira na nyuma yake kidogo. Kifundo kimekazwa. Mpira unaguswa chini ya katikati yake, kiwiliwili kimeegemea nyuma kiasi. Halafu mpe mpira mchezaji aupige umbali kamili, wewe ukielekeza wenzake waangalie nini.

Usimchague fundi kuliko wote kila mara. Wenzake watasema moyoni "huyo naye kazaliwa nayo". Chagua wa kati, msahihishe jambo moja mbele yao, apige tena. Mpira wa pili ukienda vizuri kuliko wa kwanza, umeshafundisha.

Unapaswa pia kujua kosa kwa kuutazama mpira. Ukitambaa chini, mara nyingi mguu wa kusimama umepita mbele ya mpira au kifua kimeinama. Ukipaa juu bila kufika mbali, amechota badala ya kupiga. Ukipinda kwenda nje, ameugusa pembeni. Anayekaa kando akaona haya matatu papo hapo anawafaa vijana zaidi ya mchezaji wa zamani anayepiga mpira mzuri na kusema "mnaona? hivyo hivyo".

Mambo madogo ambayo wengi husahau: wasimame na jua mgongoni, likuumize wewe macho. Wakuone kwa upande, maana wakikaa mbele yako hawaoni mguu wa kusimama uko wapi. Onyesho lisizidi nusu dakika, lirudiwe mara mbili.

Sauti nayo. Ukipaza kupita kiasi koo linakauka katikati ya kipindi cha kwanza na maneno yanapotea kwenye upepo, awe mwanamke au mwanaume. Kubalianeni maneno mafupi ambayo wachezaji wenyewe wanaambiana: "mtu" (unakabwa), "geuka" (uko huru), "rudisha", "bana" (sogeeni karibu karibu). Timu ikiambiana yenyewe, wewe unabaki na mawili matatu ya kusema kwa kipindi kizima.

Mwaka 2016 Chan Yuen-ting aliipa Eastern ubingwa wa ligi kuu ya wanaume ya Hong Kong, akiwa na umri wa miaka 27. Sidhani kama kuna aliyeuliza mguu wake wa kushoto ukoje.

MizaniNaMbio

Kwa kuwa ulikuwa na wasichana, kuna jambo la mwili litakuchanganya usipoliwekea akili.

Wasichana wengi hufikia kilele cha kurefuka wakiwa na miaka kama 12, wavulana kama 14, na wanaochelewa hufika 15 au 16. Maana yake ni kwamba timu ya wasichana wa miaka 15 wengi wameshamaliza kurefuka, lakini kwenye timu yako mpya utakuwa na mtu mwenye ndevu na mwingine ambaye ndiyo kwanza anaanza kurefuka, darasa moja. Mvulana anayerefuka kwa kasi hupoteza uratibu kwa muda: alikuwa anatuliza mpira vizuri, sasa unamtoka mguuni. Kocha asiyejua humwita mvivu.

Pima urefu kila baada ya miezi mitatu, ukutani, bila viatu, mtu yule yule apime. Aliyeongezeka sentimita mbili au zaidi katika miezi hiyo mpunguzie kuruka na mbio za kasi za kurudiarudia, muongezee mizani na ufundi wa mpira.

Maumivu mawili ya umri huo uyajue. La kwanza ni chini ya goti, pale penye kinundu cha mfupa wa ugoko, linazidi akiruka au kupiga shuti. La pili ni nyuma ya kisigino, hasa kwa wadogo, linazidi baada ya mbio. Yote yanatokana na kano kuvuta sehemu ya mfupa ambayo bado inakua. Akiwa anachechemea, hachezi. Maumivu yakiwa madogo na yakapoa kabla ya kesho yake, anaweza kuendelea kwa mzigo mdogo. Yakibaki, aende kwa mtaalamu wa afya.

Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayokatika zaidi kwa wakubwa wenye kasi. Ndani ya 11+ kuna zoezi la kupiga magoti, mwenzako anakushika vifundo, unajiachia kwenda mbele polepole. Anza na marudio 3 hadi 5 tu. Wavulana watataka kushindana nani atafanya 15 siku ya kwanza. Kataa, la sivyo kesho yake hakuna atakayeweza kukimbia, na wataanza kulichukia zoezi lenyewe.

Na kichwa: aliyegongwa akaonekana kupepesuka, kuuliza swali lile lile mara mbili, kuona vitu viwili viwili au kutaka kutapika, anatoka na harudi siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa. Wavulana huficha hili sana, hasa mechi ikiwa sare.

MlinziWaMlango

Chumba cha kubadilishia nguo. Kanuni ni ile ile ingekuwa kocha ni mwanaume: mtu mzima hakai ndani wakati watoto wanavua nguo. Kwa hiyo usilichukulie kama upungufu wako. Lichukulie kama utaratibu wa timu nzima, msaidizi wako pia aufuate. Asiingie peke yake kwa kisingizio kwamba yeye ni mwanaume mwenzao.

Weka saa. Siku ya mechi wanaingia dakika 70 kabla, wanapewa robo saa, nahodha anatoka nje kusema "tayari", mlango unafunguliwa na unabaki wazi, mnaingia nyinyi wawili. Kikosi kimeandikwa kwenye karatasi inayobandikwa ukutani. Baada ya mechi maneno yote yaishie uwanjani kabla hawajaingia, ili usiwe na sababu ya kuwafuata.

Mapumziko msiyafanyie chumbani kabisa, tafuteni kivuli karibu na uwanja. Sheria inaruhusu yasizidi dakika 15. Dakika tatu za kwanza kaa kimya, wanywe maji, wagombane kidogo kama wanataka. Wewe zungumza na msaidizi pembeni. Kisha dakika nne, mambo mawili, moja la kujilinda na moja la kushambulia. Jambo la tatu halisikiki. Zinazobaki ni za mtu mmoja mmoja na kupasha mwili tena.

Majeraha ya paja la juu au kinena: mwenyewe ashike barafu, mtu mzima wa pili awepo, sema unachotaka kufanya kabla hujagusa. Mazungumzo ya faragha na mchezaji yafanyike kwenye benchi la upande wa pili wa uwanja, mahali macho ya wengine yanafika na masikio hayafiki. Ujumbe wa simu wa mtu mmoja kwa mmoja usiwepo. Tumia kundi la timu lenye msaidizi na mzazi ndani yake.

FilimbiKavu

Nijibu la refa, kwa upande wa refa.

Refa anayefika uwanjani anatafuta haraka mtu wa kumpa karatasi ya wachezaji. Akimwona mwanaume mwenye filimbi shingoni anamwendea. Mara nyingi ni mazoea tu, na dawa ni kumfikia kabla hajachagua. Dakika 45 kabla ya mechi mfuate wewe, karatasi mkononi, jina lako limeandikwa juu kwenye mstari wa kocha mkuu: "Mimi ni kocha mkuu, huyu ni msaidizi wangu." Umemaliza.

Mwambie msaidizi asivae filimbi siku ya mechi na asishike ubao. Akiulizwa jambo, ajibu "muulize mwalimu mkuu, huyu hapa", huku akirudi hatua moja nyuma. Hatua hiyo ina kazi, maana akibaki mbele mazungumzo yataendelea kupitia kwake hata baada ya kukutaja. Fanyeni mazoezi ya jambo hilo mara moja, msicheke.

Eneo la benchi: mtu mmoja tu kwa wakati anaruhusiwa kusimama kutoa maelekezo ya mbinu. Wengi hawalijui, wanasimama wote wawili wakipiga kelele, na refa anapokuja kuonya anaongea na mwenye sauti kubwa. Tangu msimu wa 2019/20 viongozi wa benchi nao wanaonyeshwa kadi. Kosa likitoka benchini na refa asimjue aliyelifanya, kadi anapewa kocha mwenye cheo cha juu aliyepo hapo. Yaani msaidizi akitukana, unaweza kulipa wewe. Mwonyeshe kifungu hicho kabla ya mechi ya kwanza.

KonaFupi

Asanteni sana, haya ndiyo niliyoyatafuta. Mawili ya mwisho. Kuna mchezaji wa miaka 18, ndiye bora, kila zoezi anasema "kocha wa zamani alikuwa anafanya hivi". Na nina vipindi tisa tu kabla ya mechi, nitupe nini?

KiungoMkabaji

La kijana: mara ya kwanza mchukulie kuwa ameuliza swali. "Mlikuwa mnafanyaje? Sawa, leo tunafanya hivi kwa sababu wapinzani wakikaba juu beki wa kati anabaki bila pasi." Sentensi moja, zoezi linaendelea. Mara ya pili, mwambie mtaongea baada ya mazoezi, kisha ongea naye kweli, usimsahau. Mara ya tatu anatoka kwenye zoezi hilo mpaka liishe, bila kelele, anarudi kwenye linalofuata kama kawaida. Usimpe unahodha ili kumtuliza. Wenzake wataelewa kwamba kubisha kunalipa. Na usibishane naye mbele ya kundi kuhusu kocha aliyeondoka. Inawezekana alikuwa sahihi kwenye hilo moja, halafu umejifunga.

BenchiLaUfundi

Vipindi tisa: tupa mtego wa kuotea (mabeki kupanda pamoja ili mshambuliaji abaki ameotea), tupa kubadilisha mifumo. Mtego unahitaji mabeki wanne waliozoeana, na mmoja akichelewa nusu hatua ni bao.

Vitatu vya kwanza ni ligi ile ya wanne kwa wanne, mpaka upate kikosi. Vitatu vya kati, kujilinda kwa mstari: mabeki wanne, mita 8 hadi 10 kati ya mtu na mwenzake, viungo mita 10 hadi 15 mbele yao. Anza bila wapinzani. Unatembea na mpira mkononi kutoka winga hadi winga, wao wanateleza upande ulipo. Kosa litakalojitokeza ni beki wa upande wa mbali kubaki kwake, naye ndiye anayefungisha krosi zinazopita nguzo ya pili. Kisha ingiza washambuliaji sita, wapewe dakika moja moja za kujaribu kupenya.

Vitatu vya mwisho, dakika 25 kila kimoja ziwe za mipira iliyokufa, yaani kona na faulo. Kona ya wapinzani: mmoja nguzo ya karibu, watatu kwenye mstari wa eneo dogo la goli, wanne wanakaba mtu kwa mtu, mmoja ukingoni mwa eneo la penalti, mmoja mbele. Majina yaandikwe, pamoja na jina la atakayechukua nafasi endapo mmoja atatolewa, kwa sababu baada ya mabadiliko ni rahisi kufungwa kwa kona, pale ambapo aliyeingia hajui anamkaba nani. Kazi hiyo mpe msaidizi wako: karatasi ya kona mfukoni, na kila anayeingia amwambie namba ya mtu wake kabla hajavuka mstari.